Nasikia, Sista

Nilimchukia yule mtaalamu wa tiba ya viungo tangu alipoingia na mkoba wake mpya. Wakubwa walimtuma apime upya wagonjwa wangu wa ukoma bila kuona fomu zangu, kisha majibu yetu yalinganishwe. Miaka tisa nashika uzi huu wa nailoni wa kupimia ganzi, leo mtu aje anipime mimi! Roho iliniuma, sisemi uongo.

Wa kwanza alikuwa Mama Vifungo, fundi cherehani mwenye maneno mengi. Nilianza mimi. Alifumba macho, akalaza mkono wa kulia juu ya taulo, nami nikamgusa kwa ncha ya uzi, kidole baada ya kidole.

"Hapa, unasikia?"

"Nasikia, sista."

"Na hapa?"

"Nasikia. Hata njaa naisikia."

Tulicheka. Niliandika "sawa" kote, kama siku zote, nikampisha yule bwana kiti kwa madaha.

"Mama, fumba macho," alisema. "Ukiguswa, nionyeshe ulipoguswa."

Basi, yule bwana akafunga mdomo. Uzi ukapinda kwenye kidole cha mwisho. Mama kimya. Kwenye cha pete. Kimya. Akarudia vyote viwili, polepole. Nilikohoa makusudi, nikitaka mama azinduke.

"Mwanangu," Mama Vifungo akasema, macho kayafumba bado, "mbona huanzi?"

Kumbe siku zote nilipouliza kama anasikia, alichokisikia ni sauti yangu, na masikio yake ni mazima. Vidole viwili vimekufa ganzi, nami nimevificha kwa mdomo wangu mwenyewe.

Yule bwana hakunitazama, na nilimshukuru kwa hilo. Sote wawili tulijua swali lililobaki. Vipo vidonge vya kutuliza mishipa ya fahamu, na hisia huweza kurudi kama ganzi haijapita miezi sita. Ikipita, matumaini ni madogo, na vidole visivyohisi huungua na kukatwa mwenyewe asijue.

"Mama," nikauliza, "mara ya mwisho sindano kukuchoma ilikuwa lini?"

Alifumbua macho, akatabasamu kwa majivuno. "Mimi? Sindano hainichomi siku hizi. Tangu nilipomaliza zile sare za shule, mwaka ulipoanza. Nikasema sasa nimekuwa fundi kwelikweli."

Nilihesabu kwa vidole chini ya meza. Miezi saba. Nikahesabu tena, nikiomba niwe nimekosea. Ilikuwa saba ileile, na ndani yake nilikuwa nimempima mara tatu.

"Mbona mnaniangalia hivyo?" aliuliza.

Nilivishika vile vidole viwili, nikavibana. Hakushtuka. Nikaviachia, nikamshika mkono wa kushoto, nikamwambia ukweli.