Mfumo Usiolalamikiwa

Tulikuwa watatu tu tuliotunza programu ya kulinganisha saa za kompyuta, na siku ile tulikaa kuamua ni mifumo endeshi ipi tuendelee kuihudumia na ipi tuiache. Nilikuwa na njaa na hasira, mambo mawili ambayo kwangu huenda pamoja. Wa mwisho kwenye orodha ulikuwa mfumo wa zamani sana. Aliyeujua vizuri ni mmoja wetu tu, mzee tuliyemwita Kiraka kwa kuwa maisha yake yote alikuwa akiziba matundu ya wengine.

"Mara ya mwisho mtu kulalamika ni lini?" kiongozi wetu akauliza.

"Miaka minne," Kiraka akajibu.

"Basi hakuna anayeutumia."

"Au haujawasumbua. Tuulize kwanza."

Nikacheka. "Tumuulize nani, mzee? Tupige mbiu mtaani?"

Kura zilikuwa moja dhidi ya moja, ikabaki yangu. Nikainua mkono, mfumo ukaachwa. Toleo jipya lilipotoka, kompyuta za aina ile zikabaki kujihesabia saa zenyewe.

Miezi mitano baadaye dada yangu, muuguzi, alisimamishwa kazi. Mgonjwa alikuwa amemfia mikononi. Simu za hospitali zilionyesha wito wa dharura uliingia saa nne na dakika tano asubuhi. Kompyuta ya wodi ilionyesha dada alichoma sindano saa nne na dakika ishirini na nne. Angeweza kufutiwa leseni.

Wiki tatu sikwenda kumwona, eti kazi zimenibana. Nilipokwenda alinipa karatasi iliyochapwa na kompyuta ile. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na jina la mfumo ule tuliouacha. Nikasema nampigia mtu simu, nikatoka nje.

Kesho yake asubuhi Kiraka alituombea ruhusa ya kuingia wodini. Tukachapa karatasi tupu, tukalinganisha saa iliyoandikwa juu yake na ya simu yangu: kompyuta ilikuwa mbele kwa dakika ishirini. Kwa siku zilizopita tangu toleo jipya, ilikuwa ikikimbia sekunde saba kila siku. Tulipohesabu kurudi nyuma hadi siku ya kifo, tukapata dakika kumi na saba. Dada alichoma sindano dakika mbili tu baada ya wito. Kiraka hakunisimanga, na afadhali angenisimanga.

Nikaenda moja kwa moja kwa dada. Nilimweleza yote, pamoja na ule mkono niliouinua. Alikuwa akikunja nguo, akaendelea kukunja.

"Kwa hiyo sikuchelewa."

"Hukuchelewa, dada. Nitaipelekea hospitali ushahidi leo hii."

"Jana nimesaini. Nimekiri kwamba nilizubaa."

"Lakini ulijua ulikimbia!"

"Nilijua. Halafu karatasi ikasema hapana, daktari akasema hapana, nikaona labda kichwa changu ndicho kinanidanganya. Siku zote hizi nimelala na kuamka nikijiita muuaji, mdogo wangu."

Nikaanza kumwomba radhi, akanikatiza.

"Nilikwenda hata kwa mama wa marehemu," akasema. "Nikapiga magoti, nikamwambia mwanao nimemuua mimi. Akalia mpaka akaishiwa nguvu. Kisha akanishika mikono, akasema amenisamehe."

Akaiweka kando nguo ya mwisho, akatafuta viatu vyake.

"Inuka twende kwa mama yule. Safari hii utazungumza wewe."