Serahangi wa Meli ya Zafarani

Mwinyihatibu Kombo alijilaza mara tu baada ya sala ya alasiri, si kwa usingizi bali kwa kutaka kujificha. Miaka ishirini na sita aliitumikia bahari katika meli za mizigo za mwambao, na kumi ya mwisho alikuwa serahangi, msimamizi wa mabaharia, katika meli iliyoitwa Zafarani. Mchana ule alikuwa amejiwa na Mwanahawa, binti wa marehemu Shaweji, baharia mwenzake.

"Ami," binti alimwambia, "mama yu kitandani na hali yake si nzuri. Mpaka leo hajamsamehe baba. Anasema ni uzembe wake mwenyewe uliomkata mguu na kututia sisi katika dhiki. Lakini baba alikufa akiapa kwamba mzigo aliufunga vizuri. Wewe ulikuwepo. Niambie."

Mwinyihatibu alitazama kando. "Mwanangu, baba yako alikosea kidogo tu. Ni ajali ya kazi."

Mwanahawa akamshukuru, akambusu mkono, akaenda zake.

Usingizi ulipomchukua, alijiona yu juu ya sitaha ya Zafarani, ila meli ilikuwa imekaa katika nchi kavu, nchi ya chumvi nyeupe isiyo na ukingo, na mabaharia wote wamempa mgongo. Aliyemlaki ni mmoja tu, bwana mnene mwenye kanzu iliyonyooshwa vizuri, akimsogezea kiti cha kuegemea. "Karibu, serahangi wangu. Mimi ni Woga. Tumeishi pamoja miaka yote hii nawe hujanijua jina? Keti. Shaweji keshazikwa, nani atakuuliza tena?" Kiti kilikuwa laini, na Mwinyihatibu angekaa, lau asingemwona mwanamke aliyepiga magoti akisugua damu kwenye mbao, kanga kaifunga kiunoni, vidole vimechubuka.

"Nani wewe?"

"Aibu. Umenikimbia miaka kumi na tisa ukidhani nimekuja kukuua. Sina uwezo huo. Kazi yangu ni kumshika mtu mkono nimfikishe mlangoni. Kuingia huingia mwenyewe."

Kiganja chake kilikuwa cha moto, hata Mwinyihatibu akatamani kujichomoa, lakini alimfuata, wakateremka ngazi mpaka ngamani, ndani ya tumbo la meli, mlimojaa magunia ya korosho. Juu ya magunia ameketi mtu mwembamba, sauti yake ya kawaida kabisa, kama karani anayeuliza jina la mtu. Huyo alikuwa Ukweli.

"Ule waya wa winchi ya kuinulia mizigo, uliokatika mzigo ukamwangukia Shaweji mguuni, uliuona lini kwamba umechakaa?"

"Asubuhi. Kabla ya chai."

"Ukafanya nini?"

"Niliona kuubadilisha kutatuchelewesha. Tulitaka kutoka na maji yakiwa yamejaa."

"Na kwenye uchunguzi ulisema nini?"

Nyuma ya magunia palikuwa na mtu analia, na kilio kile alikijua. "Nilisema Shaweji alifunga mzigo vibaya."

Alingoja kukemewa. Ukweli hakumkemea. "Mimi nilikuwa najua," alisema. "Mimi si wa kuambiwa."

Mwinyihatibu akazinduka, kifua kimelowa jasho, jua bado liko dirishani. Akaelewa kwamba miaka yote alikuwa akiungama peke yake moyoni, na kuhesabu kuwa ni toba. Akavaa viatu.

Mke wa Shaweji alikuwa ameegemezwa mito miwili, Mwanahawa akimpepea. Mwinyihatibu alibaki amesimama kizingitini, akaeleza habari ya waya, ya asubuhi ile, na ya uongo wake mbele ya wachunguzi, na uongo mwingine wa mchana uleule. Upepeo ukamdondoka Mwanahawa mkononi. Hakuna aliyemwambia karibu ndani.

Mgonjwa akajiinua kidogo mitoni. "Siku ile, alilia?"

"Alilia sana, shemeji. Alikuwa anakuita wewe."

Bi mkubwa akageuza uso ukutani. "Nami katika nyumba hii nilimlaza peke yake miaka kumi na minane," alisema, "mpaka akafa."