Salamu za Shemeji

Kijana alifika nchi ile kusomea upimaji wa ardhi, na miezi ya mwanzo alichopima ni upweke tu. Darasani alikaa nyuma. Bwenini mwenzake wa chumba alilala na vizibo masikioni, hata habari za asubuhi hazikumfikia. Basi aliposikia mjini kuna ukumbi wa dansi ambako watu wa lugha yake hukutana, alivaa koti lake la pekee, akavuta kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi kwa ajili ya baridi, akaenda.

Mlangoni alisimama baunsa mwenye mabega ya kuziba njia. Alipomwona kijana alicheka.

"Shemeji! Umepotea sana."

Sasa wewe na mimi tunajua namna hiyo. Mtu akikuambia umepotea, hata kama humkumbuki, humwulizi yeye ni nani. Unajibu upo, mambo ni mengi tu, huku kichwani unamtafuta taratibu. Na shemeji ni neno la kila mtu. Muuza viatu akikuita shemeji, utambishia? Kijana akajibu kwamba yupo, masomo yamembana. Baunsa akampitisha bila kiingilio, akamuuliza, "Na dada yetu hajambo?"

"Hajambo," kijana akasema. "Anawasalimu."

Hapo ndipo alipojitia kitanzi. Hakuwa na mke wala mchumba. Lakini mahali fulani katika mji ule palikuwa na binti ambaye watu wake hawajamtia machoni muda mrefu, na mtu asiyemjua alikuwa ameshawaambia kwamba ni mzima.

Ushemeji ule ulimtendea wema. Alipewa kiti karibu na muziki na kinywaji ambacho hakukiagiza. Jumamosi ikawa siku yake. Watu wa ukumbini wakamchukua hata mchana, wakamtembeza: boti ya watalii mtoni, makumbusho yenye mifupa ya nyangumi darini, ngome ya zamani yenye ngazi zinazoteleza. Alipiga picha akawatumia wa nyumbani, nao wakafurahi kwamba mtoto amepata watu. Kuuliza si ujinga, lakini yeye hakuuliza. Alijua fika kwamba siku atakapouliza "mnanifananisha na nani?" kile kiti kitakuwa na mwenyewe.

Aliyembana kidogo ni dada wa kaunta. Huyu alikuwa binamu yake yule binti, na alikuwa ameanza kazi pale majuzi tu. Shemeji wa kweli alikuwa hajawahi kumwona. Alionyeshwa kijana na baunsa, akaamini. Akamweleza kijana kwamba tangu binamu yake ahame kwenda kuishi kwa mwanamume, simu inaita tu haipokelewi, na shangazi yake, mama wa binti, huko nyumbani halali.

Mlango wa kutokea ulikuwa huo, wazi kabisa. Kijana alifungua kinywa. Wenzake walikuwa wanampungia mkono arudi kucheza.

"Simu yake imeharibika," akasema. "Nitamwambia awapigie."

Dada wa kaunta alishusha pumzi mpaka mabega yakalegea. Palepale, mbele yake, akamrekodia shangazi ujumbe wa sauti: alale, asiwe na wasiwasi, ameongea na shemeji mwenyewe, mtoto hajambo. Kijana akausikiliza mpaka mwisho. Kisha muziki ukabadilika, akaenda kucheza. Simsamehe kwa hilo, na sidhani kama yeye amejisamehe.

Hofu ilimpata mchana, tena kwenye jua. Alikuwa amepanda peke yake mnara wa saa, ule ambao kila mgeni lazima aupande. Juu palikuwa na mpiga picha anayewapiga watalii kwa malipo. Mzee yule wa nchi ile alimtazama kwa muda, akamsogelea, akamuuliza kwa lugha ya pale kama mkewe anaendelea vizuri. Alisema siku ile walipokuja wawili, binti alikuwa analia, ameng'ang'ania chuma cha ukingo, naye mume amemshika shingoni kwa nyuma. Mzee alitaka kumwita mlinzi, akajiambia ya mke na mume hayaingiliwi. Tangu hapo yanamsumbua.

Kijana alihisi mnara unamzunguka. Mzee aliona kofia, ndevu na rangi ya ngozi, akahesabu kwamba ameona mtu yuleyule. Kumbe na baunsa gizani mlangoni alihesabu vivyo hivyo. Ilimbidi kijana aseme neno moja tu: si mimi.

"Tulishapatana," akasema, na kwa mara ya kwanza akaogopa sauti yake mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata hakwenda ukumbini, wala ile ya baada yake. Alijiambia kukaa kimya ni sawa na kunyoosha mambo. Simu ya baunsa ikamfuata bwenini Jumapili: njoo, mama mkwe wako amefika.

Alikwenda. Angeweza kutokwenda, na hilo tumhesabie.

Ukumbi wa mchana haukuwa ule wa usiku. Viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza, sakafu inanuka sabuni, na zulia lilikuwa na madoa ambayo taa za rangi huyaficha. Katikati aliketi mama mmoja, mkoba magotini, koti la kuazimwa limempwaya. Baunsa na dada wa kaunta walisimama nyuma yake kama watu waliokamata mwizi.

"Huyu hapa," baunsa akasema.

Mama alinyanyuka, akamvua kijana kofia kwa mkono wake mwenyewe, akamtazama usoni.

"Si huyu," akasema. "Yule nimeshaongea naye kwa video. Siye."

Dada wa kaunta alijifunika mdomo. Kijana akadhani yameisha. Akaanza kueleza upesi upesi jinsi alivyofananishwa, jinsi alivyoona haya, jinsi alivyotaka kusema kila siku. Mama alimwacha amalize.

"Kwa hiyo ni wewe uliyesema hajambo?"

"Ni mimi, mama."

"Nilikuwa nimeshakata tiketi," mama akasema. "Nimefunga na begi. Nikaletewa salamu zako, nikairudisha. Nikalala usingizi, mwanangu. Nimelala usingizi msimu mzima."

Baunsa, na mwili wake wote ule, alikuwa anatazama viatu vyake. Mama akamsogelea kijana zaidi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, na sauti yake ikashuka, ikawa ya kubembeleza, kama anayemtoa mtoto mafichoni.

"Lakini ulimwona mahali, sivyo? Mtu hasemi hajambo bure tu. Labda njiani, labda kwa mbali. Usiogope, baba, sitakufanya kitu. Niambie tu ulimwona wapi."

"Sikumwona, mama," kijana akasema. "Simjui."

Mama alitikisa kichwa kuonyesha amesikia. Hakumwachia mkono. Akamuuliza tena, polepole zaidi, iwapo binti yake alikuwa amekonda.