Tepu ya Kijani

...na bado kimya, mita imekaa juu ya betri imenuna, na mimi pini ya vali ya hewa nimeigusa sawasawa kwa ncha ya mita, mimi Shigela, mkono huu hautetemeki, waulize mafundi wote wa Kirumba kuanzia hapa mpaka ukuta wa uwanja, na mzee Luhende kule ndani kalala chali chini ya dashibodi, miguu iko nje, kashika ncha ya pili kwenye plagi ya kompyuta ya gari, waya ukiwa mzima toka kwake mpaka kwangu mita inalia pii, ukiwa umekatika inanyamaza, hakuna cha ajabu hapo, "Imelia?" anauliza, maana masikio yake yaliliwa na nyundo enzi za kunyoosha bodi, pii haisikii hata ukiiweka kwenye kofia yake, kwa hiyo mimi ndiye masikio yake leo, "Subiri kidogo mzee," na mama Rebeka mwenye gari kakaa kwenye tairi kuukuu, mkoba mapajani, juzi gari lilimzimikia akipanda kivuko kwenda Sengerema, abiria wakashuka kumsukuma, mmoja akamwambia mama hili lifunge kamba ulivute kama ndama, ametusimulia bila kucheka, nikacheka mimi peke yangu, na jana mashine ya kupimia gari iliposoma kwamba njia ya umeme ya vali ya hewa inayoingia kwenye injini imekatika nikasema mbele yake vali imekufa, nimeisikia kwa sikio langu, mashine itanifundisha nini, shule niliiacha kidato cha pili lakini injini hazijaacha kuongea na mimi, basi tukafunga vali nyingine nzima, gari likakohoa vilevile, haya, si vali, ni waya, nikavua plastiki inayofunika waya, nikachoma sindano upande wa kompyuta, pii, nikachoma upande wa vali, kimya, na kati ya pii na kimya kuna nini, kuna kipande cha tepu ya kijani, urefu wa kidole... Gereji nzima inatumia nyeusi. Ya kijani natumia mimi, niliitafuta mjini makusudi, ili mtu akifungua boneti popote, Bujora huko, Sengerema, aseme hapa Shigela alipita, niliwaambia hiyo ni saini yangu, nyie endeleeni kufunga tepu za msiba, wakacheka, huwa wanacheka nikisema, na hii niliifunga mwezi uliopita, waya ulikuwa umesagwa na bati, nikasokota ncha mbili, nikazungusha tepu, dakika mbili, makelele ya mechi yalishaanza uwanjani, fundi mwenzangu Obedi alikuwa kasimama hapo na ile pasi yake ya kuyeyushia risasi ya kuungia waya, anasema mwanangu hiyo ichomee, injini inatikisika, itaachia, nikamwambia wewe Mjaluo hata ugali unauchomea risasi kabla hujaula, gereji ikacheka, na yeye akacheka, Obedi anajua kucheka, halafu baadaye yeye akabadilisha starta ya gari hilihili, karibu na hapahapa, wiki haikuisha taa ya injini ikawaka, gari likaanza kukosa nguvu mlimani, mzee akatuweka mstari, nani kagusa waya wa hili gari, na mimi, wala sikuwaza, lilitoka tu kama utani, nikasema wa mwisho kuingiza mkono humo ni Obedi... hakuna aliyecheka. Hata mimi sikurudi nyuma kusema natania. Mzee akamwambia Obedi pumzika nyumbani kwanza, na Jumamosi nimemwona sokoni Mwaloni anabeba magunia ya dagaa, mikono ile inayoshika waya kama unyasi, imejaa vumbi la dagaa mpaka kwenye viwiko, akanisalimu kwanza yeye, "Fundi mkuu, hujambo," na nikashindwa kumtania, mimi nikashindwa... "Shigela, imelia au haijalia?" mkono wa mzee utakuwa umekufa ganzi huko chini, na kidole changu kimeshafika kwenye tepu, naibana kidogo tu, pii, naachia, kimya, nabana, pii, kumbe ncha zimegusana nusu, inatosha nibane niseme imelia mzee, atoe mkono, atoke apanguse mgongo, na kwenye boksi ile tepu nyeusi aliyoiacha Obedi bado ipo, navua ya kijani, nazungusha ya Obedi, nani atajua, hata nikiichomea risasi vizuri nani atajua, gari litapona, mama Rebeka atavuka, nami nitapiga kifua jioni kwamba shida nimeikamata, na Obedi atabaki na magunia yake, na juu ya waya huu itakaa tepu yake, kwa kazi mbovu ambayo hakuifanya, na mimi ndiye niliyekuwa natafuta jina langu lionekane kila boneti ikifunguliwa, haya limeonekana, hili hapa, kijani, halijafifia hata kidogo... mama Rebeka kainua uso, "Fundi, umekiona kinachosumbua?" anauliza polepole, siyo kwa hasira, na mimi bado nimebana, mita inalia pii ndefu, mzee haisikii, mama anaisikia lakini hajui maana yake, mwenye kujua ni mimi tu, naachia kidole. Kimya. "We Shigela!"

"Ikibanwa inalia mzee, nikiachia inakufa," nasema, kwa sauti ya kufika mpaka kwa wanyoosha bodi. "Na tepu ni ya kijani."

Miguu ya mzee imeacha kutikisika, ncha yangu bado iko kwenye pini, sijaitoa.