Siku Tisa za Jemadari Pyo

Basi la kwanza lilikuwa la wazee, la pili la wanawake na vyakula, na yote mawili yalikimbilia Seoul kama yanayowahi harusi. Geum Malsun alikaa kiti cha mbele cha basi la pili, amevaa hanbok, vazi la jadi la Kikorea, nyeupe ya kitani, na mapajani ameweka karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ameisoma mara kumi na moja tangu alfajiri.

Ilikuwa tamko la ukoo wa Pyo. Kabla ya saa nane mchana, mbele ya kituo cha televisheni, yeye Malsun, mjane wa mrithi wa nyumba kuu inayotunza matambiko ya ukoo, angelisoma kwenye kipaza sauti. Tamko lilitaka tamthilia ya "Lango la Kusini" ifutwe leo hii, na mwandishi wake, "huyo mtu asiye na mizizi anayejiita Oh Namu", apigishwe magoti kwa kumchafua Jemadari Pyo Gyeom, mzee wao wa miaka mia nne iliyopita.

Na Oh Namu alikuwa bintiye wa kumzaa. Jina lake halisi lilikuwa Pyo Dahui, lakini waandishi wa tamthilia hujipa majina ya kalamu, na huyu alikuwa na sababu zaidi ya wengine. Katika mabasi yale mawili, Malsun peke yake ndiye aliyejua.

"Wifi, kula," alisema Yeonok, dada wa marehemu mumewe, akimsogezea kimbap, wali uliovingirishwa kwa mwani, kwa vidole vinavyong'aa mafuta ya ufuta. "Utapigaje kelele na tumbo tupu? Tazama, saini za kuipinga zimefika laki mbili na nusu! Kampuni ya tambi imejitoa udhamini, ya magodoro nayo imefuata. Hawana hata tangazo la dawa ya mende!"

Basi zima lilishangilia. Nyuma kuna waliokuwa wanafanya mazoezi ya kaulimbiu, na bibi mmoja wa miaka themanini alikuwa amejifunga kitambaa chekundu kichwani tangu wanatoka kijijini, anadai kinamwondolea hata maumivu ya shingo.

Kosa lenyewe lilionyeshwa Jumapili, katika sehemu ya nne. Kila mtoto wa Pyo anajua kwamba ngome ya Sanseok ilipoangushwa na majeshi ya Wajapani, Jemadari alikufa langoni, upanga mkononi. Jiwe la kumbukumbu linasema hivyo, na mfalme mwenyewe alituma heshima kwa ajili hiyo. Lakini katika tamthilia lango lilianguka, na Jemadari akaonekana anatambaa katikati ya maiti, anateremka bondeni, anadondoka mlangoni kwa mjane mfinyanzi. Picha ya mwisho ilikuwa jicho lake, nalo lilikuwa wazi.

Jumatatu asubuhi nchi ilikuwa inawaka. Wamempotosha shujaa! Wamemfanya mtoro! Watu ambao Jumamosi hawakujua kama Pyo Gyeom ni mtu au aina ya samaki, sasa walimlilia mitandaoni kama baba yao mzazi. Wengine walishika kioo cha kukuzia wakatafuta makosa zaidi: kofia ni ya karne nyingine, birika ni la Kichina, jemadari gani ana meno meupe vile. Na wakuu wa kituo wakatangaza kwamba watatoa uamuzi Alhamisi, yaani leo, saa nane.

Dahui alikuwa amepiga simu mara moja tu. "Mama, wakikupa usome, soma. Usinitetee. Utaishi nao wewe, siyo mimi." Kisha akakata.

Saa saba na nusu mabasi yalitema watu. Uwanja wa mbele ya kituo ulikuwa umefurika, na Malsun, pamoja na hofu yake yote, alihisi damu ikimwenda mbio. Lori lenye skrini kubwa lilizunguka likimulika maneno mekundu, RUDISHENI HISTORIA YETU. Upande wa pili, wasichana mashabiki wa mwigizaji mkuu walikuwa wameleta lori la kahawa, wanagawa vikombe vyenye picha yake bure na kuimba jina lake. Wazee ishirini wa Pyo waliteremka na majoho meupe na kofia nyeusi za manyoya ya farasi, na simu zote uwanjani zikawageukia.

"Babu, mmependeza!" alipiga kelele msichana mmoja.

"Hatukuja kupendeza, tumekuja kugomba!" alijibu Mzee Sangtae, mwenyekiti wa ukoo, umri miaka sabini na nane. Lakini kofia aliirekebisha, na kikombe cha kahawa akakipokea.

Alitishia kunyoa nywele hadharani, kama waandamanaji wanavyofanya, iwapo tamthilia haitafutwa. "Anyoe nini?" Yeonok alinong'ona. "Zimebaki saba, na mbili ni za sikioni." Malsun akacheka bila kupenda, na mara akamsikia Mzee Sangtae akimwita.

"Mkwe wetu, njoo. Ni wewe sasa. Sauti ya mama wa nyumba kuu itawachoma kuliko sisi wote."

"Baba mdogo, koo langu limekauka..."

"Kunywa kahawa ya hawa wendawazimu, kisha usome."

Alipanda kwenye jukwaa dogo, akafungua karatasi. Alisoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, sauti yake ikirudi kutoka kwenye majengo. Alipofika kwenye "mtu asiye na mizizi", milango ya kioo ya kituo ilifunguka, akatoka mwanamke mwembamba mwenye miwani na sweta la kijivu, nywele hazijaona kitana siku tatu. Walinzi wawili walimkimbilia, naye akawapita. Alitembea hadi mbele ya jukwaa, akapiga magoti kwenye saruji.

"Mimi ndiye Oh Namu," alisema. "Mama, endelea."

Ilichukua muda neno lile la mwisho kuwafikia. Kisha Yeonok akapiga ukelele uliosikika hadi kituo cha treni. "Dahui! Jamani, huyu si ndiye Dahui wetu?"

Uwanja ukalipuka. Simu zilinyanyuliwa, waandishi wa habari wakakanyagana, na mtu mmoja akapaza sauti kwamba mwandishi ni wa ukoo huohuo, ni wa ukoo huohuo jamani! Mzee Sangtae alimsogelea mjukuu wa ndugu yake akiwa mwekundu kama pilipili.

"Wewe? Mtoto uliyelelewa mezani kwa Jemadari? Uchafu huu umeutoa wapi?"

"Nyumbani, Babu."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwetu. Jiwe linasema ngome ilianguka tarehe kumi na nne, mwezi wa tano wa kalenda ya zamani. Si ndiyo? Lakini tambiko lake tunalifanya tarehe ishirini na tatu. Nimebeba sinia siku hiyo tangu nina miaka sita. Tambiko hufanywa siku aliyokufa mtu. Sasa kama alikufa langoni, zile siku tisa alikuwa wapi?"

Wazee walitazamana, na ilionekana wazi kwamba swali lile halijawahi kuulizwa na mtu, kwa sababu tarehe ya tambiko ni kitu unachorithi pamoja na jina, hukai ukakihesabu.

Mzee Sangtae hakuwa mwenyekiti wa bure. "Mwili ulipatikana siku hiyo!" alinguruma. "Walimtafuta siku tisa, wakampata, wakahesabu kuanzia hapo. Umemvua mzee wako heshima kwa hesabu ya vidole!"

Umati ukashangilia, na skrini ya lori ikawaka upya. Dahui aliinamisha kichwa. "Sina kingine, Babu. Ni hiyo tu."

Yeye hakuwa na kingine. Mama yake, pale jukwaani, alikuwa nacho. Alikabidhiwa jambo hilo jikoni mwaka wake wa kwanza wa ndoa, akaapa halitatoka nje ya mlango wa jiko. Akilisema, hatakuwa tena mama wa nyumba kuu anayeinamiwa na wazee. Atakuwa mwanamke aliyeutia ukoo aibu mbele ya nchi nzima. Asipolisema, mtoto wake atainuka pale akiwa mwongo, na atabaki mwongo maisha yake yote. Alimtazama binti yake magotini, akaona ametoka bila viatu na unyayo wa soksi umetoboka, na hasira ya mzazi ikampanda.

"Si uongo," alisema kwenye kipaza sauti.

"Mkwe, soma karatasi."

"Baba mdogo, leo utanisamehe. Ninyi mmelinda heshima ya Jemadari miaka yote hii, lakini jikoni kwake hajaingia hata mmoja wenu. Mngeingia, mngeliona. Kila mwaka, kabla hamjawasha ubani sebuleni, sisi jikoni tumeshaweka bakuli la mtu mwingine. Bakuli la udongo, baya, limepinda. Linakula kwanza hilo, ndipo sinia zenu zinatoka."

"Marehemu mavyaa alinishika mkono akaniambia, huyu ni mama aliyemwokota mzee wetu, akamficha, akamwosha vidonda siku tisa mpaka alipokata roho. Nami nikamuuliza, mbona wanaume hawajui? Akasema, jiwe lilishachongwa na mfalme alishatoa heshima, nani angethubutu? Wanawake wakanyamaza, lakini kumlaza njaa hawakuweza. Mavyaa aliambiwa na mavyaa wake. Na huyu mtoto hakuambiwa na mtu. Aliona bakuli akaogopa kuniuliza, akaenda kuhesabu siku."

Dahui aliinua uso, mdomo wazi. Bakuli alikuwa ameliona, kweli. Alidhani ni la paka.

"Miaka thelathini na minne, tangu uolewe, umemlisha mtu kwa siri, nyumbani kwetu?" aliuliza Mzee Sangtae. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Thelathini na minne, Baba mdogo. Mavyaa alimlisha arobaini na moja. Kama ni kufukuzwa, nifukuze mimi. Mtoto ameandika kweli."

Kabla hajajibu, vipaza sauti vya kituo vilikwaruza. Saa nane ilikuwa imefika. Bwana mmoja mwenye suti ya bluu alitoka na walinzi sita, akainama chini kabisa, akasoma haraka haraka kama anayeogopa karatasi itamuunguza. Kwa kuheshimu hisia za umma na za ukoo mtukufu wa Pyo, "Lango la Kusini" imesimamishwa kuanzia leo. Sehemu ya tano haitaonyeshwa.

Kulikuwa na shangwe, lakini ilikufa njiani. Watu walikuwa wanamtazama Mzee Sangtae, naye alikuwa amemkazia macho bwana wa suti.

"Haitaonyeshwa?" alisema. "Wewe kijana, hapo ulipo, umesema haitaonyeshwa?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Kama mlivyoomba."

"Mimi nimeomba nini? Jemadari wangu yuko mlangoni kwa watu, anavuja damu, jicho liko wazi, na wewe unazima taa? Afie wapi sasa? Mnamwachaje pale?" Alishika pindo la joho lake, akaketi chini kwenye saruji, pu! "Siondoki. Mpaka nimwone anavyokufa, siondoki!"

Wazee kumi na tisa walisitasita pumzi moja, kisha wakaketi nyuma yake, wakigugumia kwa magoti yao mabovu. Wasichana wa kahawa walipiga mayowe ya furaha na kuja mbio na vikombe. Yeonok, aliyekuwa akirusha yote mubashara kwa simu, alikuwa anaruka juu chini, "Watu laki sita wanatutazama! Laki sita na nusu!" Na bwana wa suti ya bluu alisimama katikati ya yote, hajui ainame tena au akimbie.

"Basi nisimulie," Mzee Sangtae alimwambia Dahui. "Wao wafunge televisheni yao. Mdomo unao."

Dahui alimtazama mama yake. Malsun aliteremka jukwaani, akaketi karibu naye, akamshika mkono. Ulikuwa baridi, naye akaufikicha kama alivyokuwa akimfikicha utotoni asubuhi za theluji.

Dahui akaanza. Alisimulia jinsi mjane alivyomburuta mtu mzima kwa kamba ya mzigo na kumficha ndani ya tanuri la vyungu, na jinsi askari wa adui walivyopita mara mbili na mjane akaendelea kufinyanga mbele ya mlango wa tanuri. Sauti ilianza nyembamba, ikakaza. Mikono ilianza kucheza hewani. Simu mia zilisogezwa karibu, na wapita njia waliokuwa wanaelekea treni wakasimama. Malsun alisikiliza mambo aliyoyabeba peke yake nusu ya umri wake yakitoka nje mchana kweupe, na moyo ulimdunda kwa furaha mpaka akaona haya.

"Siku ya tatu alifungua macho," Dahui alisema. "Mjane akamlisha wali kwa kijiko..."

"Wali?" Mzee Sangtae alimkatiza. "Mwaka wa vita? Mjane mfinyanzi autoe wapi wali? Mkwe wetu, humo bakulini mnaweka nini?"

"Uji wa shayiri, Baba mdogo. Siku zote ni shayiri."

Mzee alimgeukia mjukuu wake, macho yamejaa maji, kidole juu.

"Umesikia? Ni shayiri. Piga tena picha hiyo, usije ukatupotoshea historia."