Siku Dunia Ilipogoma Kalamba

Jiwe la mizani, lililoning'inizwa kwa waya kutoka kwenye boriti, lilikuwa likienda na kurudi katikati ya kanisa letu la Kalamba, likichora mstari kwenye mchanga wa mto tuliomwaga sakafuni. Baba yangu, Mzee Ndululu, alikuwa amelikodolea macho tangu asubuhi.

Yeye ndiye mzee wa kanisa aliyeniombea ruhusa ya kulitumia. Kama Tomaso, alitaka aone kwanza. Nikimwonyesha kwamba dunia inazunguka, ataniacha niende ng'ambo kusomea fizikia. Nikishindwa, nibaki huku kwetu Makueni nisomee ualimu.

Kitabu kilisema Mfaransa mmoja wa kale alining'iniza uzito namna hiyo, watu wakaona mstari wake ukigeuka polepole kwa kuwa dunia ilikuwa ikizunguka chini yake. Nami nikaamini kwamba lililotokea Ufaransa litatokea Kalamba. Tuliomba, baba akafunga milango upepo usiingie, akakataa hata chai.

Alasiri mstari ulikuwa palepale. Akina mama waliokuja kufagia kwa ajili ya Jumapili wakaanza kucheka chini chini.

"Kanyiva, hii dunia yako imegoma?" jirani yetu Nduku akauliza.

Nilitamani ardhi inimeze, izunguke isizunguke.

Nikatoka nje, nikatafuta kwenye simu, nikapata jibu. Kadiri unavyokaribia ikweta, ndivyo mstari unavyokataa kugeuka, na sisi tuko mlangoni pa ikweta. Nilirudi nikamweleza baba, nikijua fika kwamba nasikika kama mtu aliyeshikwa na kuku wa jirani kwapani.

"Kwa hivyo inazunguka, lakini huku kwetu haionekani?"

"Ndiyo, baba. Mpaka mtu aende mbali."

Aliniangalia sana. Huniita mwaitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

"Haya, mwaitu. Enda."

Mwaka jana, katika jumba la makumbusho la mji mmoja wa baridi kali, nilisimama mbele ya uzito kama ule hadi nikaona mstari wake umegeuka. Nililia mbele za watu bila aibu, kisha nikampigia baba.

"Baba, inazunguka! Nimeiona kwa macho yangu!"

"Kumbe ni ukweli?" akasema. "Mimi nilikuwa najua ulinidanganya ndio nikuachilie uende."