Uzi wa Pua ya Baba

Asubuhi hiyo ya Jumamosi Nangila alikuwa nyuma ya jikoni, amechuchumaa mbele ya karai, anaosha maski ya Baba ya kupumulia usiku. Maji ilikuwa vuguvugu, sabuni ni ile ya kipande ya kufulia, na bado mafuta ilikataa kutoka. Akasugua na kidole, akasuuza, akasugua tena. Ile raba laini inayokalia pua ilikuwa imegeuka manjano kama meno ya mvuta ugoro, na ilimteleza mkononi kama kambare.

Mafuta yenyewe ilikuwa ya ng'ombe. Ile ya kukamulia, inakaa kwa mkebe pale dirishani. Baba alijifikiria hiyo dawa mwenyewe. Chuchu ya ng'ombe ikipasuka unaipaka hiyo na inapona haraka, sasa pua ya mtu ni nini mbele ya chuchu? Akamwambia Nangila awe anampaka kila akienda kulala, na Nangila akawa anapaka. Lakini mafuta inafanya raba iteleze. Raba ikiteleza hewa inatoroka, inampiga Baba machoni. Ikimpiga machoni anavuta mikanda ya kichwani, anavuta kama mtu anafunga mzigo kwa baiskeli. Akishavuta, raba inakula nyama. Asubuhi kidonda pale juu ya mfupa wa pua kimeongezeka, na dawa yake ni nini? Ni mafuta ya ng'ombe.

Huyo Baba, Wabwile, alikuwa dereva wa pikapu ya maziwa. Alikuwa anakusanya mitungi huko Kimilili anapeleka Kitale, na hakuna mtu amewahi kumwona na chupa. Halafu siku moja mwaka wa 2008, saa sita mchana jua likiwaka, akalala kwa usukani. Pikapu ikaingia kwa mahindi ya watu, maziwa ikamwagika yote. Wengine wakasema ameanza pombe ya siri, wengine wakasema ni mkono wa mtu. Daktari wa Eldoret ndiye alisema ni koo. Wabwile akilala koo linajifunga, anaacha kupumua, mwili unamshtua bila yeye kujua, anapumua kidogo, halafu linajifunga tena, hivyo mpaka asubuhi. Ndiyo maana mchana anasinzia popote kama kuku wa kideri. Na siku moja, daktari akasema, koo linaweza kujifunga na mwili usishtuke.

Basi ikatafutwa mashini. Inakaa kando ya kitanda, ndogo kama redio, inasukuma hewa kwa mpira mpaka kwa maski, na koo linabaki wazi. Watu wa maziwa wakasema Wabwile akikaa muda mzuri bila kusinzia, na daktari akubali, watamrudishia gari. Hicho ndicho Baba alitaka duniani, funguo za pikapu. Nangila alitaka kitu kidogo kuliko hiyo. Alitaka Baba apumue mpaka kukuche. Mama yake, Nekoye, alikuwa ameshakufa, na nyumba yao ya hapo karibu na Kibabii ilikuwa imebaki na watu wawili tu.

Mashini ililetwa na Kabura, bibi ya Makokha, ndugu mkubwa wa Nangila. Kabura alikuwa nesi kwa kliniki moja ya watu binafsi huko Kitale. Daktari mmoja mmishonari alikuwa anarudi kwao, akamwachia mashini yake pamoja na maski. Mmishonari alikuwa na uso kama sinia. Baba ana uso mwembamba, pua imekaa peke yake katikati, kwa hivyo maski ilikuwa inamvaa yeye badala ya yeye kuivaa. Lakini Baba hakuwahi kusema ni mashini ya Kabura. Kwake ilikuwa mashini ya Makokha.

Kabura ni wa kina Gikonyo, watu wa kabila lingine waliotoka Central zamani wakaja kulima Trans-Nzoia. Makokha alimuoa kabla ya zile vurugu za uchaguzi, na baada ya vurugu hakuna mtu kwa nyumba aliyesema chochote, ni jina lake tu lilipungua mdomoni. Sasa kwa watu wa Baba huko Bungoma mkamwana hampi baba mkwe mkono. Haingii chumba chake cha kulala, hamgusi, hakai naye kiti kimoja. Ni heshima. Wazee wengine siku hizi wamelegeza, mkamwana akiwa nesi anawapima hata presha. Lakini kwa Kabura, Baba alishika hiyo heshima na mikono yote miwili, mpaka ukashindwa kujua kama ni heshima ama ni kitu ingine.

Jumapili iliyopita Kabura alikuwa amekuja na Makokha kuangalia hiyo pua. Hakuiona. Alikaa jikoni, Baba akakaa sebuleni, mlango wazi katikati. Kwa vile hangeweza kumshika Baba uso, Kabura alimlaza Nangila kwa mkeka, akamvalisha yeye maski, akamwonyesha. Unaosha uso na maji na sabuni, unakausha, hakuna mafuta. Unalala kwanza, unawasha mashini, ndiyo unafunga mikanda, kwa sababu uso wa mtu aliyelala si uso wa mtu aliyekaa. Kidole kipite chini ya mkanda. Pale penye kidonda unaweka plasta laini, na raba ioshwe kila asubuhi.

"Mwambie huyo daktari wa jikoni," Baba akasema kutoka sebuleni, "nikilegeza kamba hewa inatoka."

Nangila akatoa maski, akasimama mlangoni, akamgeukia Kabura. "Baba anasema akilegeza hewa inatoka."

"Mwambie Baba ni mafuta inatoa hewa, si kamba."

"Anasema ni mafuta."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi, ni pua tu inauma."

Makokha akacheka. Kabura hakucheka. Alisema polepole, akiangalia moto, kwamba hata mikanda ikilegezwa hii maski bado ni kubwa. Kuna ingine ndogo, inakaa chini tu kwa matundu ya pua, haigusi mfupa hata kidogo, kidonda kingepona chenyewe. Rafiki yake huko Eldoret alikuwa nazo za saizi tofauti, lakini lazima upana wa pua ujulikane. Akamwonyesha Nangila kwa pua yake mwenyewe: unanyoosha uzi kutoka upande huu mpaka upande huu, chini hapa, unaweka fundo.

"Si lazima mimi nimguse," alisema. "Wewe ni mtoto wake. Lakini umuulize kwanza."

"Sawa, mulamwa," Nangila akasema. Hivyo ndivyo alimwita, vile mtu kwao huita bibi ya ndugu yake, na Kabura alikuwa anapenda kuitwa hivyo.

Wiki ikapita. Kila jioni Nangila akimpelekea Baba maji ya kunawa uso, maneno ilikuwa inapanda mpaka kwa koo, inakaa hapo, inarudi. Si ati Baba alikuwa mkali sana. Ni vile Nangila alikuwa. Hata shuleni mwalimu akiuliza kitu anachojua, alikuwa anaangalia dawati mpaka mwingine ajibu. Na Baba hakukubali hiyo mambo ya kulegeza. Siku moja alijaribu, hewa ikamlilia sikioni, akarudi kwa mafuta yake na kuvuta. Sasa kidonda kilikuwa na maji. Kanisani walimuuliza ni nani amempiga ngumi, akasema ni mlango. Usiku wa juzi alitoa maski kabla hata ya taa kuzimwa. Nangila alimsikia kwa ukuta, anakoroma, ananyamaza, anakoroma.

Kwa hivyo hiyo Jumamosi, alipomaliza kuosha maski na kuianika kivulini, alikuwa ameshaamua. Leo atauliza. Akapika mchana, akapakua, akasimama na sahani mkononi, akauliza kama chumvi inatosha. Baba akasema inatosha.

Baada ya kula Baba akalala hapo hapo kwa kiti, kichwa nyuma, mdomo wazi. Kidonda kilikuwa kimeangalia juu, chekundu, na nzi mmoja anakizunguka. Nangila akafukuza nzi. Halafu akaona, si hii ni njia rahisi tu, hata Baba hatasumbuka. Akaenda kwa mkebe wa kushonea wa Mama, akakata uzi mweusi, akarudi. Akapiga magoti. Akanyoosha uzi chini ya pua ya Baba, taratibu, pumzi yake ikimpata kwa vidole. Akaweka fundo.

"Hodi hapa."

Ilikuwa ni Khaemba, jirani, amesimama mlangoni na vumbi ya mbao kwa nywele. Khaemba ni seremala. Anatengeneza vitanda na viti, lakini mkate wake ni masanduku ya maiti, na watu wa hapo mtu akifa hawamwiti Khaemba aje na futi. Wanatuma mtoto na uzi. Unampima marehemu, unaweka fundo, unampelekea Khaemba, yeye anajua ya kufanya. Mama alipokufa aliyetumwa na uzi alikuwa Nangila. Alikuwa amesahau. Amekaa wiki nzima anafikiria huu uzi kama kitu ya hospitali, na hakukumbuka mpaka alipoona macho ya Khaemba yakishuka kutoka kwa uso wa Baba mpaka kwa mkono wake.

"Ee bwana Wabwile," Khaemba akasema, "nimekuja chai, kumbe nimeitwa kazi. Lakini hii uzi ni fupi. Nikutengenezee ya kuku?"

Baba akafungua macho. Akaona uzi, akaona Khaemba, akamwangalia Nangila aliyepiga magoti. Khaemba alikuwa bado anacheka, akaacha.

"Nani amekutuma?" Baba akauliza.

Kulikuwa na maneno mengi ya kusema. Kuna maski ndogo, iko Eldoret, haigusi kidonda, utarudi kwa pikapu. Lililotoka ni moja.

"Mulamwa."

Khaemba akasema ameacha gundi kwa moto, akaenda.

"Ni ya maski, Baba," Nangila akasema baadaye, kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia vizuri.

"Maski gani inapimwa mtu akilala?" Baba hakupaza sauti. Alipangusa pua yake na kiganja, kidonda kikaacha alama kwa mkono. "Mama yako ulimpima akiwa amekufa. Mimi umeshindwa kungoja."

Akachukua simu akampigia Makokha. Nangila alisikia upande mmoja tu, na ulitosha. Baba alisema bibi yako ameanza kuagiza sanduku. Alisema sasa najua kwa nini alileta kamba ya kunifunga uso. Alisema ni sawa, watu walisema hivyo na mimi nikakataa kuwasikia. Hakusema watu gani. Halafu akaingia chumbani, akang'oa mashini kwa stima, akakunja mpira wake, akaibeba mpaka stoo akaiweka juu ya magunia. Maski akaikuta kivulini, bado ina maji, akaitundika kwa ule msumari wa kamba za ng'ombe. Akarudi kwa kiti chake. Nangila akapika chai. Baba akakunywa, hakumwangalia.

Jua lilikuwa linaenda Kabura alipopiga. Nangila alikimbia na simu mpaka nyuma ya jikoni. Ilikuwa ni ile ya zamani ya Mama, herufi zimefutika kwa vidole vyake.

"Ulimuuliza?" Kabura akasema. Hakusalimia.

Nangila akaangalia karai.

"Nilikuambia umuulize kwanza."

"Niliogopa, mulamwa."

"Uliogopa." Kwa simu kulikuwa na sauti ya mlango kufungwa kwa nguvu, na sauti ya Makokha mbali, inaongea na nani haijulikani. "Uliogopa baba yako, sasa ni mimi nimeitwa muuaji kwa nyumba yangu. Na ndugu yako anasema ati niende kwa baba yangu nikapumzike kidogo. Unajua hiyo ni nini, mtu akikwambia ukapumzike?"

"Nitamwambia. Nitamwambia ni mimi."

"Utamwambia," Kabura akasema, na hapo sauti yake ikachoka. "Sawa. Hiyo pua mtaitunza wenyewe."

Simu ikakatwa.

Nangila akaingia ndani kumwambia Baba. Kwa kweli aliingia, alifika mpaka mbele ya kiti. Baba alikuwa amelala tena, kichwa nyuma, pua imekauka damu pembeni, mkono bado umeshika kikombe. Akamtoa kikombe. Angemwamsha. Alisimama hapo akijiambia atamwamsha, halafu akaenda kwa begi lake la shule akatoa rula, akanyoosha uzi juu yake mpaka kwa fundo. Akasoma mara mbili. Akarudi nyuma ya jikoni, akaandika polepole, kidole kinatafuta herufi zilizofutika:

Mulamwa ni Nangila. Pua ni sentimita nne kasoro kidogo. Usikasirike. Baba hana mashini leo na amelala. Nikimsikia amenyamaza nimwamshe ama ningoje?

Akatuma. Simu ikasema imefika. Akaishika mbele ya uso, taa yake ndogo ikawaka, ikafifia, akaibonyeza iwake tena. Hakuna kitu. Kutoka sebuleni Baba alikuwa anakoroma, halafu akanyamaza, na Nangila akasimama na simu mkononi, anasikiliza pande zote mbili.